Babu na baiskeli: huu mtaa ni upi?

Shangazi: Hamjambo nyote? Nimepekua sanduku la marehemu baba nikakuta negativu, studio wakanisafishia. Mwenye baiskeli ni yeye. Mtaa ndio siujui. 📷

Kaka Mkubwa: Posta ya zamani hiyo, wala hakuna mjadala.

Mama Mkubwa: Weee! Posta ukiitazama, mteremko unashukia kulia. Hapa unashukia kushoto. Hii ni nyuma ya stesheni.

Kaka Mkubwa: Stesheni ilikuwa na madirisha ya matao lini, Mama?

Mama Mkubwa: Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Baba Mdogo: Mnabishania ukungu. Dada, itume upya kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida programu inaibana, na vibao ndivyo vinavyoharibika kwanza.

Shangazi: Haya, hiyo hapo. 📎

Baba Mdogo: Afadhali. Kibao bado hakisomeki lakini matao ninayaona.

Kitindamimba: Shikamooni. Mbona mfuko wa shati la babu uko kifua cha kulia? Na vifungo viko kushoto kama vya blauzi.

Shangazi: Babu yenu mtanashati, asingevaa blauzi 😂

Kitindamimba: Na baiskeli imeelekea kushoto, lakini cheni tunaiona upande wetu. Cheni si hukaa kulia kwa mwendeshaji? Ilitakiwa ifichwe na fremu.

Baba Mdogo: Ahaa! Basi negativu iliwekwa kinyume. Dada, ishike kwenye mwanga, upande unaong'aa ukutazame wewe, ule uliofifia uende nyuma. Ndivyo picha inavyokaa sawa.

Shangazi: Ngoja… Kweli! Mfuko umehamia kushoto.

Kitindamimba: Nimeigeuza kwenye simu. 📷

Mama Mkubwa: Mteremko unashukia kulia sasa. Mmh.

Kaka Mkubwa: Nilisema mimi!

Mama Mkubwa: Ulibahatisha. Mitaa yenye mteremko wa kulia iko mingi. Thibitisha.

Kaka Mkubwa: Niko karibu, napita hapo sasa hivi.

Baba Mdogo: Usitazame chini. Milango, rangi na vibao hubadilishwa kila mwenye nyumba akibadilika. Inua macho juu ya milango: matao, pembe za paa, bomba la maji ya mvua. Huko watu hawagusi mpaka paa livuje.

Kaka Mkubwa: Chini kote wameweka vioo. Juu matao yapo, ila moja limezibwa kwa tofali. 📷

Kitindamimba: Kwenye ramani za Google ukirudisha tarehe nyuma, tao hilo lilikuwa wazi. Wamelizibia juzijuzi tu.

Baba Mdogo: Safi. Sasa tafuta aliposimama mpiga picha. Kwenye picha, pembe ya paa la posta inagusa ukingo wa dirisha la ghorofa la nyuma. Sogea mpaka vikutane hivyohivyo. Ukienda kushoto vinaachana, ukienda kulia vinapandana.

Kaka Mkubwa: Bado… bado… Vimegusana! Lakini niko katikati ya barabara, napigiwa honi.

Shangazi: Toka huko mwanangu, picha tumeshaipata!

Mama Mkubwa: Enzi hizo ungetandika mkeka hapo. Haya, nimekubali, ni posta.

Kaka Mkubwa: Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikundi kwamba Mama Mkubwa amekubali.

Baba Mdogo: Dada, andika jina la mtaa kwenye bahasha kwa penseli kabla hujaitia negativu. Kwenye negativu yenyewe usiandike kitu, na uishike kwenye kingo.

Shangazi: Sawa. Ila wifi, nikiikuza namwona mwanamke wa mwavuli kwenye ngazi za posta, anamwangalia baba anacheka. Mama siye. Ni nani huyo?

Mama Mkubwa: Wifi, njoo inbox.