Naomba ushauri: nimepewa timu ya watu 9, niongoze kwa mtindo gani?

Wakuu, habari zenu. Nina miezi miwili tangu nipewe kusimamia watu 9 kazini, na 6 kati yao tulikuwa ngazi moja hadi juzi tu.

Nimesoma kuhusu mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, ambao mwaka 1939 walilinganisha mitindo mitatu: kiongozi anayeamuru, anayeshirikisha, na anayewaachia watu wajiamulie. Kwenye karatasi inaeleweka. Shida ni kujua nibadilishe lini.

Nilianza kwa kushirikisha kila jambo. Wazoefu walifurahi, ila vikao havikuisha, na siku mtambo ulipozima ghafla bado watu walitaka tujadiliane! Nikapaza sauti, nikagawa kazi, ndani ya saa moja tukawa sawa. Tangu hapo wawili wameninunia, eti cheo kimenilevya.

Kuna wageni pia. Hao nikiwaachia wanakwama kimya kimya. Nikiwaelekeza hatua kwa hatua wanakwenda vizuri. Mzoefu nikimfuata hivyo, anaona namdharau.

Je, nawaambiaje mapema kwamba penye dharura nitaamua peke yangu, bila kuonekana dikteta? Na kumwongoza kila mtu kivyake hakutaonekana upendeleo? Mliopitia haya, nisaidieni.