Ncha mbili za tsitsiti zimekatika kona moja: taliti bado ni halali?

Swali
Taliti ndogo (vazi la ibada la Wayahudi lenye kona nne) ya pamba, vishada vyake vya kona (ndivyo tsitsiti) ni vya sufu, vimefungwa kwa mtindo wa Kiashkenazi, yaani wa Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Baada ya kufuliwa, ncha mbili kati ya nane za kona moja zimekatika pale pale chini ya fundo la mwisho. Kona tatu ni nzima. Je, inafaa kuvaliwa na kusomewa baraka? Na uzi mpya waweza kuungwa kwenye ule uliokatika?

Jibu la 1
Tazama kwanza ncha hizo ni za upande gani, maana hukumu yote imekaa hapo. Kona ina nyuzi nne zilizopitishwa tunduni na kukunjwa, ndipo unapata ncha nane. Uzi uliobakiwa na ncha moja inayotosha kufungia kitanzi, kama sm 4, unahesabika kuwa upo. Ukipoteza ncha zote mbili, kona imebaki na nyuzi tatu na kishada kimebatilika.

Ikiwa mfungaji alizitenga ncha nne upande huu na nne upande ule tangu fundo la kwanza hadi la mwisho, na zilizokatika zote ni za upande mmoja, basi hizo ni nyuzi mbili tofauti. Vaa na usome baraka. Hata Rabbenu Tam, rabi wa Ufaransa wa karne ya 12, anayetaka nyuzi mbili ziwe nzima kabisa, hana neno hapo. Lakini kama moja ni ya huku na nyingine ya kule, au pande zilichanganywa, huenda ni za uzi mmoja. Usiivae mpaka kona irudiwe.

Jibu la 2
Kuunga hakusaidii, ndugu. Torati imesema kifanywe, wala si kitokane na kilichokwisha kufanywa: kishada kilichobatilika hakifufuliwi kwa kiraka. Fungua mafundo yote, toa uzi mbovu, weka mpya uliosokotwa kwa nia ya amri hii, uanze upya.

Tamka kwamba unafanya kwa ajili ya amri ya tsitsiti. Pitisha nyuzi nne, sawazisha ncha saba, ile ya nane (shamash, yaani mtumishi) ibaki ndefu kwa sababu ndiyo itakayozungushwa. Fundo maradufu, nne kwa nne. Zungusha mara 7, fundo, 8, fundo, 11, fundo, 13, fundo la tano. Wasefardi (Wayahudi wa asili ya Hispania) wengi huzungusha 10, 5, 6, 5, hesabu ya herufi za Jina la Mungu kwa Kiebrania. Sehemu iliyozungushwa iwe theluthi moja, mbili zining'inie.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupitisha uzi mmoja mrefu mara nne, kufunga, kisha kukata vitanzi. Kwa macho hakina kasoro, na ni batili. Kata kabla ya kufunga.

Jibu la 3
Ukiwa umefungua, pima tundu: kati ya sm 4 na 6 hivi kutoka kingo zote mbili za kona. Likiwa karibu mno na ukingo wakati wa kufunga, halifai. Likiwa mbali kupita vidole vitatu, halihesabiki tena kuwa kona. Lililokuwa mahali pake likaja kuchanika baadaye halibatilishi, mradi kitambaa kidogo bado kimelishika. Afadhali ulidarizi pembeni mapema.

Mwulizaji
Mafundo yanaonyesha pande hazikuchanganywa, lakini ncha moja ni ya kila upande. Nafungua. Je, kanzu nayo yahitaji vishada, kwa ile mipasuo ya ubavuni?

Jibu la 1
Mpasuo mfupi hauhesabiki. Wajibu huja sehemu kubwa ya ubavu ikiwa wazi, na pembe ziwe kali. Zikiwa za mviringo, hakuna wajibu.

Ukifua tena, funga kifundo kidogo kwenye kila ncha isifumuke, tia vazi kwenye mfuko wa wavu, maji ya baridi. Na nyuzi hukaguliwa kabla ya baraka kila asubuhi, kona zote nne.