Naombeni ushauri: Mapenzi ya wakati wa Kariakoo, jukwaani Kenya National Theatre

Mwongozaji_Nrb:
Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Nairobi kinaandaa tamthilia ya mapenzi ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, enzi za Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kijana wa Nyanza ameshatoa nusu ya ng'ombe wa mahari, kisha mwaka 1917, ule wa msako mkubwa wa wapagazi chini ya ofisa Mwingereza John Ainsworth, anachukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye koloni la Wajerumani, Tanzania Bara ya leo. Mchumba anabaki anangoja.

Tunataka kuionyesha Kenya National Theatre. Mliowahi kuingia baada ya ukarabati wa 2015 mnajua palivyobadilika. Mimi ukumbi ule naupenda tangu nikiwa mwanafunzi, na sitaki tupeleke kitu nusunusu.

Nimekwama mahali pawili. Sehemu ya pili yote imejengwa juu ya barua za wapenzi. Ni tamu kuzisikia, lakini sina amani nazo. Pili, wenzangu wanataka vita vionekane kwa bunduki na moshi. Nifanyeje?

BintiKisauni:
Kaka, barua ziondoe. Mwaka 1917 kijana wa kijijini aliyejua kuandika labda alipitia misheni, na huyo wako humsemi hivyo. Na binti angesomewa na nani? Kama ni karani au mwalimu wa misheni, basi mapenzi yao yana mtu wa tatu.

Tumia salamu za mdomo. Mpagazi mgonjwa anarudishwa nyumbani, amebeba maneno ya mwenzake. Anampa mwingine njiani, huyo naye anampa mwingine. Kila anayepokea anapunguza kidogo, anaongeza kidogo. Binti anapofikiwa na ujumbe, sisi watazamaji tuliousikia ulipotoka tunajua kilichopotea. Hapo nitalia zaidi kuliko kwenye barua yoyote.

MzeeWaLindi:
Mwongozaji, nakusalimu kutoka kusini. Huku kwetu vita hivyo vilipita vikali. Mahiwa, Oktoba 1917, walipigana siku nne, na upande wa Waingereza walioanguka, wafu na majeruhi, walizidi 2,000. Ukitaka bunduki unazo za kutosha.

Ila wapagazi wengi hawakuuawa kwa bunduki. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua, na posho wasiyoizoea, unga unaopikwa haraka bila kuiva kwa sababu kuni zimelowa na safari inaanza alfajiri. Hesabu rasmi ya wapagazi wa Waingereza waliokufa inakaribia 95,000, na wapo wanahistoria wanaosema walikuwa zaidi. Basi mchezo wako uweke kwenye chungu. Mtu mmoja anapika, wenzake wanaomzunguka wanapungua onyesho hadi onyesho.

Jambo jingine. Askari wa upande wa Wajerumani waliandamana na wake zao na watoto, miezi na miezi porini. Wanawake wale walipika, walibeba, walizaa njiani. Binti wako anangoja nyumbani, kumbe upande wa pili kuna mwanamke aliyeamua kumfuata wake. Wakutanishe japo mara moja, mpagazi wako na mke wa askari wa adui. Usiwafanye wapendane, tafadhali. Ampe maji tu, aulize habari za kwao.

FundiTaa:
Moshi sikushauri. Ukijaa ukumbini hauondoki upesi, na waigizaji wanakohoa kwenye maneno muhimu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 50 hivi, yaani kilo 20 na kitu. Waigizaji wafanye mazoezi na uzito wa kweli kichwani. Shingo na magoti yao yatasema yenyewe, na taa ya pembeni inatosha. Pia wapeleke Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu za shaba za 1928. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi.

Mwongozaji_Nrb:
Asanteni sana. Mzee wangu wa Lindi, hilo la mke wa askari sikuwahi kulifikiria kabisa, naliandika leo. Sasa mwisho. Kwenye mswada kijana anarudi 1918, harusi inafungwa. Wenzangu wanasema watu walipe kiingilio watoke na furaha.

MwalimuHistoria:
Harusi hiyo siiamini. Baada ya vita kulikuwa na maelfu ya wapagazi waliokufa na mishahara yao haikulipwa, kwa maelezo kwamba jamaa zao hawakupatikana. Serikali za Nairobi na London zikabishana miaka kadhaa juu ya fedha hizo, na wenyewe hawakuzipata. Mpeleke binti kwenye meza ya ofisi ya wilaya. Ataje jina la mtu wake, karani atafute kwenye daftari.

Na fikiri unaipeleka wapi. Jengo lile lilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau Oktoba 20, na kwa miaka mingi lilitawaliwa na maigizo ya Wazungu. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipopandisha pale tamthilia yao ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walipigania hata siku za kuonyesha. Mjane wa mpagazi akisimama jukwaa lilelile kudai mshahara, onyesho lina uzito kabla hajafungua mdomo.

Mwongozaji_Nrb:
Mwalimu, naogopa meza ya karani itayaua mapenzi. Watu wamekuja kwa ajili ya wawili hawa.

BintiKisauni:
Haitayaua. Karani atamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Mahari ilitolewa nusu. Kisheria yao si mke. Atajibu nini? Jibu lake ndilo mapenzi yenyewe, kaka. Mpe muda, mpe maneno mazuri kuliko yote uliyoandika, na usimpe muziki.

MwalimuHistoria:
Naunga mkono. Na karani asiwe mkatili. Awe mtu wa kawaida mwenye foleni ndefu.

Mwongozaji_Nrb:
Harusi nimeitoa. Jumamosi tunasoma upya kuanzia sehemu ya pili, na swali la karani nimelipeleka kwa binti anayeigiza ajibu kwa maneno yake kwanza, kabla sijaandika yangu. Kama kuna mzee wa Nyanza humu anayejua nusu ya mahari ilimpa mwanamke haki gani miaka hiyo, nitashukuru sana akiniandikia.