Songo Mnara: tuziezeke zile nyumba au tuziache magofu?

Mtu wa Masoko (mwanzisha mada)

Wana Kusini, salaam. Hili jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Tulikuwa na wageni wa harusi kutoka Tabora, hawajawahi kuona bahari, tukasema tuwapeleke Songo Mnara, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale huku Kilwa. Tulichelewa kutoka Kilwa Masoko, maji yakatupwea njiani, ikabidi tushuke mbali na kuvuka tope la mikoko viatu mkononi. Tumefika, mama mmoja mtu mzima akaingia nyumba ya kwanza, akatoka, akaingia ya pili, akaniuliza: "Baba, hawa watu walikuwa wanalala wapi?" Nikamwambia chumba cha kulala ndicho hiki ulichosimama. Akatazama juu, mawingu. "Humu?"

Nilimweleza yote ninayoyajua. Mji wa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 16, ukuta wa kuuzunguka, misikiti, nyumba za mawe zaidi ya 30. Nikamwonyesha ngazi za kushukia uani, baraza la kukaa wageni, choo cha ndani, vidaka ukutani. Aliitikia kwa adabu tu. Nyumba isiyo na juu haimwingii mtu kichwani.

Basi hoja yangu: tuchague nyumba moja, moja tu, iezekwe, iwekwe milango, mtu aingie aone giza na ubaridi wake. Wanaopinga hudai tutakuwa tunaharibu. Mimi naona tunaharibu sasa hivi. Lipu ile ya ndani ilipigwa ikae ndani, haikupigwa inyeshewe. Masika maji yanaingilia kichwani mwa ukuta, yanashuka katikati, chokaa inalika, mbegu ya mti inaota mle, na mzizi ukishanenepa jiwe halina ujanja.

Na tusitishane na UNESCO. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa kwenye orodha ya hatari kwa kuwa majengo yalikuwa yanachakaa na kuanguka, zikatolewa 2014 baada ya kazi kufanyika. Kilichotuponza ni kuta kuanguka. Hakuna aliyetuponza kwa kuezeka.

Mwanafunzi wa mambo ya kale

Kaka, shikamoo. Kwenye mvua umenena. Kwenye kuezeka, hapana.

Ukuta ukiwa umebaki hadi kiunoni, wewe utaupandisha hadi wapi? Palipobaki matundu ya boriti tunajua dari ilikaa wapi. Pasipobaki tutakisia, na hayo makisio yetu ndiyo yatakayopigwa picha na kuwekwa kwenye vitabu vya shule. Baada ya miaka 50 hakuna atakayejua jiwe lipi ni la wazee na lipi la mkandarasi.

Halafu kuna linalonikera zaidi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba nyumba za mji ni za miti. Na hapo Songo Mnara penyewe wachimbaji wamekuta mabaki ya nyumba za udongo ndani ya mji, mahali ambapo wewe na wageni wako mlipita mkadhani ni uwanja mtupu. Kuna watu waliishi pale, wakapika. Ukiezeka nyumba ya tajiri peke yake, yule mama atarudi Tabora akiamini mji mzima ulikuwa wa matajiri. Magofu angalau hayadanganyi.

Mtu wa Masoko

Marahaba. Lakini magofu nayo yanadanganya. Yanamfanya mtu aone kama walikuwa wanaishi kwenye mawe kama mijusi.

Fundi chokaa

Nimeingia kwa sababu naona mnagombania kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekishika. Kwanza "kuezeka" hapa silo neno. Zile nyumba hazikuezekwa, zilipigwa sakafu juu. Unapanga boriti za mikoko zikaribiane, juu yake unalaza mawe mapana ya matumbawe, kisha unamwaga chokaa na vikokoto, watu wanapanga mstari na vijiti wanapiga, wanapiga, mpaka ikamate. Ikikamilika ina unene wa shibiri moja na nusu, hata mbili. Sasa nambieni huo mzigo mnaubebesha ukuta upi. Huu uliokaa juani miaka 500?

Pili, hizo boriti. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ukiipitisha mita tatu inaanza kupinda. Chumba kimoja kirefu kinakula boriti nyingi mno. Mtazikata wapi? Hiyo mikoko mliyoivuka na viatu mkononi ndiyo inayozuia bahari isile ukingo wa mji. Utakata kinga ya ukuta ili uufunike ukuta.

Tatu ni saruji, maana najua itakakoishia. Chokaa inataka tanuru, inataka kulowekwa, inataka subira. Mkandarasi ana tarehe ya kukabidhi, atapiga saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe la matumbawe, inafungia unyevu na chumvi ndani, kwa nje unaona pamependeza kumbe jiwe nyuma yake linageuka unga. Niliwahi kubandua kiraka cha namna hiyo (mahali pengine, sitapataja) kikatoka kizima kama sahani, na ukuta ukakifuata.

Mama wa kisiwani

Wanangu, nawasoma. Mnaongea kama kisiwa hakina watu. Sisi kijiji chetu kiko hapa, na yale makaburi tunayazuru, tunapeleka ubani. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka na maji. Anayebaki na chochote mfukoni ni mwenye boti, naye ni wa Masoko, samahani mwanzisha mada.

Mimi dari sina shida nayo, iwepo isiwepo. Ninachouliza ni ufunguo. Nyumba ikishawekwa milango, itafungwa. Leo mvua ikinikuta natoka kuokota kuni najibanza kwenye ukuta wa wazee. Siku hiyo nitamwomba nani?

Mtu wa Masoko

Mama, shikamoo, na samahani nimeipokea, hata shemeji yangu ndiye mwenye boti. La ufunguo sikuliwaza.

Fundi umenishinda kwenye mzigo, na hilo la mikoko limeniuma kweli. Dari naiacha. Ila mvua siiachi. Je, tukisimamisha nguzo nje ya nyumba, zisiguse ukuta hata kidogo, tukaweka paa la makuti juu ya nyumba moja? Likikataa tunaling'oa. Halina mlango, kwa hiyo halina ufunguo.

Mwanafunzi wa mambo ya kale

Hilo naweza kulitetea, kwa sharti mashimo ya nguzo yachimbwe na wataalamu. Pale kila shimo lina kitu chini.

Fundi chokaa

Na upepo wa kusi? Na makuti ni miaka mitatu, minne ukijaliwa. Nani atabadilisha?

Mama wa kisiwani

Makuti tunasuka sisi. Njooni tuongee bei.