MREJESHO: Nilifika makumbusho ya Marco Pantani, Cesenatico

Wadau, niliuliza hapa namna ya kufika Spazio Pantani, makumbusho ya mwendesha baiskeli wa Italia Marco Pantani, nikitokea Bologna bila gari. Nimeenda, nimerudi, asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa treni: Bologna hadi Rimini, kisha treni ndogo ya kuelekea Ravenna, unashuka Cesenatico. Makumbusho yapo hapohapo stesheni, huhitaji teksi wala basi. Ila nililikosa treni la kuunganisha pale Rimini, nikasubiri sana. Acheni nafasi ya kutosha kati ya treni mbili.

Ndani nilisimama muda mrefu mbele ya baiskeli za kampuni ya Bianchi. Tazameni sehemu ya chini ya usukani: huko ndiko Pantani alikokuwa akishika akipanda milima, wakati wenzake wengi wakishika juu. Mwaka 1998 alichukua Giro na Tour zote mbili, yaani mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia na ya Ufaransa, na tangu hapo hakuna Mwitaliano mwingine aliyeyashinda yote mawili mwaka mmoja. Jezi ya waridi ya mshindi wa Giro na ya njano ya mshindi wa Tour ukiziona kwa macho, moyo unajaa. Alifariki 2004 akiwa na miaka 34 tu, bado inauma.

Aliyenishauri nipite pia kwenye sanamu yake mjini, Mungu akubariki, nilifika.

Mlima Carpegna alikokuwa akifanyia mazoezi sikuufikia. Uko mbali bara, na kwa treni ya siku moja haiwezekani. Anayeutaka alale huko au akodi gari.