Mtoto wa miaka 7 ameanza tena kukojoa kitandani, nimechoka

Mama_Ndosho (Goma)
Wazazi wenzangu, amani kwenu. Kijana wangu ana miaka 7. Aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu, tukasahau kabisa. Tangu vita ya Januari 2025, zile siku tulizolala sakafuni risasi zikilia, ameanza upya. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki, sasa ni karibu kila usiku. Matela haikauki, mvua ndiyo hii, na analala na wadogo zake wawili.

Kinachoniuma zaidi ni wifi yangu tunayekaa naye. Anamchapa asubuhi na kumwita kikojozi mbele ya watoto wa jirani. Anasema ni uvivu wa kuamka. Mtoto sasa anakataa maji tangu mchana. Ni woga tu, ama ana ugonjwa?

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Pole sana mama. Fimbo ziishe leo hii. Mimi nilikojoa kitandani hadi miaka 11, na hakuna asubuhi niliyoamka nikijua nimefanya nini. Unaota uko chooni, kumbe uko kitandani. Muulize bibi yake kuhusu baba wa mtoto. Jambo hili linafuata damu: mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, karibu watoto 4 kati ya 10 nao hukojoa, wakiwa wazazi wote wawili, zaidi ya 7.

Papa_Bagira (Bukavu)
Mimi wangu nilimkataza kunywa kuanzia saa kumi jioni na kumwamsha saa sita usiku. Aliacha.

Muganga_Kivu (Bukavu)
Papa, heshima kwako, lakini kumnyima maji tangu saa kumi sikubali. Mtoto anywe vizuri asubuhi na mchana, apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala, na chai ya majani jioni aiache. Kumwamsha kunaokoa matela usiku huo tu, hakumfundishi kibofu.

Mama, mimi ni muuguzi wa watoto. Kabla ya miaka 5 hatuuiti ugonjwa. Hata wakifika 5, karibu 15 kati ya 100 bado wanakojoa, wavulana wengi kuliko wasichana, na kila mwaka wengine wanaacha wenyewe. Kwa wengi hao mwili hautoi vya kutosha ile homoni inayopunguza mkojo usiku, au kibofu ni kidogo, na usingizi ni mzito kiasi kwamba kibofu kikijaa ubongo hausikii.

Lakini wako alikuwa amekauka kwa miaka, kisha akarudia. Hapo tunatafuta kilichobadilika. Woga wa vita unatosha, nimewaona wengi hivyo, ila usiishie hapo. Nijibu: Anakunywa maji kupita kawaida na kukonda? Hiyo inaweza kuwa kisukari, usingoje hata siku moja. Anaumia akikojoa, au ana homa? Anakoroma usiku? Kuna SS (selimundu) katika familia? Figo za watoto hao hutoa mkojo mwingi usiku na mchana. Na choo kikubwa, anaenda mara ngapi?

Mama_Ndosho
Hakondi, haumii, hakoromi, SS hatuna. Choo… nimemuuliza jioni hii. Siku nne hajaenda! Na kinatoka kigumu hadi analia. Anasema choo cha shule ni kichafu, anabana mpaka arudi nyumbani, hata mkojo. Sikujua kabisa.

Muganga_Kivu
Hapo mama umegusa penyewe. Kinyesi kikijaa kinakisukuma kibofu, kinakosa nafasi. Na maji anayokataa mchana yanazidisha ugumu. Mpe papai, avoka, maharagi, lengalenga, na maji ya kutosha. Aketi chooni bila haraka kila baada ya kula, miguu ikanyage kitu. Akojoe kabla ya kulala. Ongea na mwalimu amruhusu kutoka. Kisha mpeleke kituo cha afya wapime mkojo: sukari na maambukizi. Choo kisipolainika, watampa dawa.

Yaya_Katuba
Na usiku mpe taa ndogo na ndoo karibu na kitanda. Mimi sikuwa mvivu, hata usiku nilioamka kwa bahati niliogopa giza la uani.

Mama_Ndosho
Narudi baada ya wiki tatu. Mkojo ulipimwa, hauna sukari wala maambukizi. Choo sasa ni karibu kila siku. Wiki hii amekauka usiku tatu. Risasi zikisikika mbali bado anakojoa, hapo sina dawa, nalala naye tu. Mama mkwe amekubali mbele ya wifi yangu kwamba baba wa mtoto alikojoa hadi miaka 10. Wifi alinyamaza muda mrefu. Jana asubuhi nimemkuta anaanika shuka ya mtoto, bila neno.

Muganga, usiku wa risasi nimfanyie nini?