Tupeane uzoefu: mdahalo wa darasani uliokugeuza mawazo (wangu ulikuwa wa utumwa na sheria)

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Niko kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Juzi mwalimu wa Historia alitupa mada: "Sheria ndiyo iliyokomesha utumwa Zanzibar." Nikapangwa upande wa kuunga mkono, nikajua nimepewa mteremko.

Nikaanza na 1873: Sultani Barghash kabanwa na Waingereza, kasaini mkataba, soko la watumwa la Mkunazini limefungwa. Nikamalizia na amri ya Sultani Hamoud ya 1897. Meza zikapigwa. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika UHURU 1897 kwa wino mwekundu na kupiga mistari miwili.

Upande wa pili akasimama binti mmoja ambaye tangu kidato cha tano sijamsikia akinyoosha mkono. Hakuhutubia, aliniuliza tu. "Mwaka 1873 kilipigwa marufuku nini?" Nikajibu, utumwa. "Hapana. Kusafirisha watumwa kwa bahari, na masoko yao. Aliyekuwa shambani anachuma karafuu alilala mtumwa, akaamka mtumwa, miaka 24 mingine."

Akaja kwenye 1897 yangu. Amri ile haikumwachia mtu huru kwa siku moja. Anayetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani akauombe, na bwana wake alipwe fidia. Anayeachiwa halipwi kitu, tena aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Hapo darasa likaangua kicheko, maana mtaani kwetu nani hana ndugu aliyewahi kuzolewa kwa uzururaji? Kicheko chenyewe kikakatika katikati. Naye akaongeza, taratibu tu, kwamba masuria hawakuwemo kwenye ile ruhusa ya kuomba mpaka 1909.

Sikuwa na la kujibu. Bado naona bila ile amri hata mlango wa kubisha usingekuwepo. Ila sijaacha kumfikiria mama wa watu anayetembea kutoka shamba hadi mjini kuomba kitu ambacho mimi nilikiandika kwa wino mwekundu kana kwamba kilishapatikana. Na akirudi, analala wapi? Kibanda ni cha bwana, shamba ni la bwana.

Nanyi je, mmewahi kugeuzwa namna hii?

Mchangiaji wa 2

Mkuu, mimi niligeuzwa na swali moja la mtihani wa majaribio. Niliandika kwamba Mjerumani alikomesha utumwa Tanganyika. Mwalimu akaandika pembeni: "Kwa sheria ipi?" Nikaitafuta wiki nzima. Alichofanya Mjerumani ni kutangaza kuwa watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru. Wazazi wao wakabaki walivyo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria 1922, Mjerumani keshaondoka. Na ninyi mnaosifia reli zake humu, haya.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni wa Mombasa. Kwetu sheria ilikuja 1907, lakini mdahalo wangu haukuwa wa darasani, ulikuwa wa sebuleni. Kaka yangu alipeleka posa, tukasikia upande wa pili wameuliza: "Hawa ni watu wa nani?" Hawakuuliza kazi yake wala dini yake. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini akasema, "Waambieni ni wa Mungu," akaendelea kupepeta. Neno *mzalia*, yaani mtoto wa watumwa aliyezaliwa huku huku, halitamkwi nyumbani kwetu hadi leo, na mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa sababu. Ndoa haikufungwa. Sasa nyinyi wasomi niambieni, hapo mtu ashtaki mahakama gani?

Mchangiaji wa 4

Nasoma sheria mwaka wa pili. Kesi ya Somerset, Uingereza, 1772: nilikuwa nawaambia watu kwamba Jaji Mansfield aliwaachia huru watumwa wote nchini mule. Mhadhiri akanisimamisha niisome hukumu kwa sauti. Hoja iliyoamuliwa ni finyu: bwana hawezi kumtoa mtumwa nchini kwa nguvu. Watu ndio walioivuta. Halafu ikaja sheria ya 1833 ya kufuta utumwa kwenye makoloni ya Uingereza, na fidia ya pauni milioni 20. Mlipwaji? Yule yule, mwenye mali.

Mchangiaji wa 5

Mimi nasoma tu, kesho nawahi kibarua. Halafu nasikia hilo neno kibarua nalo lilianzia kwenye utumwa huo huo, vijikaratasi vya kazi za kutwa enzi watumwa wakikodishwa mjini, jioni ujira wanagawana na bwana. Aliyeniambia ni fundi mwenzangu juu ya jukwaa la ghorofa ya tatu. Nusura nidondoshe karai.

Mchangiaji wa 6

Mleta uzi umetukimbia. Nani alishinda?

Mleta uzi

Nipo, mkuu, tulikuwa usiku wa kujisomea. Kura 22 waliopinga, 19 tuliounga mkono. Yangu niliipiga upande wangu, msinicheke.